Mbegu za Funga-Duka

Kazini kwao palikuwa na mashine ya kupepeta mbegu, yenye feni, taa ya kijani na kitabu cha maelezo kinene kama tofali. Siku ilipoletwa, Bi Ungo aliifunika kwa kitambaa safi, na tangu hapo akawa anaifuta vumbi kila Ijumaa, maana hakuwa mtu wa kudharau mali ya ofisi. Ila kupepeta aliendelea kupepeta kwa ungo. Hivyo ndivyo alivyopata jina, na lile la kwenye kitambulisho likabaki la kutumiwa na benki na hospitali tu.

Alianza pale kama mfagizi, miaka thelathini na zaidi iliyopita, akiwa na ndoa changa na viatu vya kuazima. Hifadhi ya mbegu ni jengo la chini lililojibanza nyuma ya karakana ya magari, na kila jioni sakafu yake hubaki na mbegu zilizoponyoka mikononi mwa watu. Mfagizi mwingine angezizoa na taka. Huyu alizichambua. Mwezi wa tatu, mkuu wa wakati ule alifungua kabati la mafagio akitafuta balbu, akakuta vikombe saba, kila kimoja kina mbegu za aina yake na hakuna hata moja iliyochanganyika. Akauliza nani kafanya vile. Bi Ungo, akidhani anafukuzwa, aliomba radhi mara nne kabla ya kuambiwa kwamba kesho ahamie chumba cha kusafishia.

Huko ndiko alikokaa mpaka nywele zikaingia mvi. Mbegu zililetwa kwenye mifuko ya karatasi kutoka kila pembe, zimejaa maganda, vijiti na wadudu. Yeye alizipura, akazipepeta, akazihesabu, akazikausha, akazifunga kwenye bahasha za bati laini na kuzikabidhi kwa chumba cha baridi. Alijua kwa sikio. Mbegu nzima ikidunda kwenye ungo ina mlio wake, na iliyoliwa na mdudu ina mwingine, na ukibisha alikuwa anakupa ungo ujaribu mwenyewe mpaka uone haya. Alikuwa na mdomo, tuseme ukweli. Wataalamu waliomaliza vyuo vikuu walimwogopa kuliko walivyomwogopa mkuu wao.

Sasa, mtu anayesifiwa hivyo akikosea hukosea kwa siri, na Bi Ungo alikuwa na siri ya miaka kumi na tisa.

Siri yenyewe ilihusu mmea mmoja wa porini, wa ukoo wa kiazi kitamu, unaotambaa juu ya changarawe katika nchi kavu. Majani yake ni membamba, yamejikunja katikati kama yanayojificha jua. Chini ya ardhi una mzizi mnene uliojaa maji, na juu una maua ya zambarau yenye umbo la tarumbeta, na kooni ni meusi kidogo. Maua hayo hufunguka alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi yamekwisha kusinyaa, yananing'inia kama vitambaa vilivyolowa. Kwenye rejesta mmea ulikuwa na jina refu la Kilatini ambalo kila mtu alilitamka kivyake. Wafanyakazi waliuita Funga-Duka.

Ulipatikana kwenye kilima kimoja tu, mwendo wa siku tatu kwa gari. Wakusanyaji waliuona kwanza ukichanua, wakaenda tena kiangazi wakarudi na mbegu sitini, hazikuzidi. Mwaka uliofuata walikwenda kuongeza, wakakuta kilima hakipo. Kilikuwa kimepasuliwa kikageuzwa kokoto za barabara, na pale kilipokuwa pamebaki shimo. Walitafuta misimu mitatu kwenye vilima vya jirani bila kuona hata jani. Kwa hiyo zile sitini zilizokuwa kwenye bahasha ndizo zilikuwa mmea mzima, yaani ukoo wote, na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda kuomba.

Na zile sitini, Bi Ungo aliamini kwamba aliziua yeye.

Ilikuwa hivi. Siku zilipoletwa, chumba cha kukaushia kilikuwa kimejaa. Ni chumba cha baridi na kikavu, mbegu hukaa humo wiki kadhaa zikipoteza maji polepole, kwa sababu joto huua mbegu. Hata ukutani pameandikwa hivyo kwa rangi nyekundu. Akazitandaza kwenye sinia dogo, akaliweka dirishani kwenye chumba chake, akisubiri nafasi. Ingekuwa kwa saa moja tu. Mara simu ikalia kutoka shuleni: binti yake wa pili ana homa kali, anatapika. Bi Ungo akatupa aproni, akakimbia. Kesho yake ilikuwa mwanzo wa mapumziko ya siku tatu, na jengo likafungwa. Aliporudi siku ya tano, mtoto kapona, alikuta jua la mchana linapiga kioo moja kwa moja, na sinia likamchoma vidole.

Hakumwambia mtu. Alizipeleka chumba cha kukaushia, kulikokuwa na nafasi sasa, na kwenye fomu, pale palipouliza zilikaushiwa wapi, akaandika: chumba cha kukaushia. Haukuwa uongo wote. Ulikuwa ukweli wa kuanzia siku ya tano.

Kwa kuwa mbegu zilikuwa chache, iliamuliwa zisijaribiwe, zisije zikapungua bure. Hapo Bi Ungo akapata nafuu ya kipuuzi, ile ya mgonjwa asiyekwenda kupima. Lakini kila alipoingia chumba cha baridi alipita mbele ya rafu ile ametazama upande mwingine, kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Mwaka huu ikatoka amri kwamba kila kilichomo kwenye chumba cha baridi kijaribiwe, kikubwa na kidogo. Kilicho hai kitunzwe, kilichokufa kifutwe rejestani na kuteketezwa, maana nafasi ilikuwa imekwisha.

Kujaribu ilikuwa kazi ya mtu wa maabara, bwana mmoja mpole wa rika la Bi Ungo aliyeitwa Asilimia. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuweza kusema jambo bila kulipimia. Mvua kwake ilikuwa asilimia sitini, mkewe alikasirika asilimia tisini, na chai ya ofisini haikuwahi kuvuka arobaini. Bi Ungo alimwita Daktari, na wote wawili walijua kwamba si daktari. Miezi ile bwana huyu alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto limefungwa pamba, na la kulia peke yake lilikuwa linamdanganya. Kwa hiyo Bi Ungo alikuwa akimsaidia kazi moja ya mikono.

Kazi hiyo ni kukwangua. Mbegu za nchi kavu nyingi zina ganda gumu lisilopitisha maji, na ni akili yao hiyo, zisije zikadanganywa na mvua ya siku moja. Kabla ya kuzilaza kwenye karatasi yenye maji lazima uzikwangue kwa msasa sehemu moja mpaka weupe uonekane. Usipofanya hivyo, zitakaa majini mwezi mzima zimenuna. Na ukishazikwangua hazikai, lazima uzipande siku hiyo hiyo. Bi Ungo akawa anazikwangua, anaziandikia bahasha, anaziweka mezani kwa Asilimia, naye anazilaza kwenye visahani vya kioo.

Siku ya Funga-Duka ilikuwa Jumanne. Alihesabu ishirini kutoka kwenye zile sitini, akazitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi. Mbegu zenyewe nyeusi, zina manyoya mafupi mafupi, mgongo wa mviringo na pande mbili bapa kama kipande cha chungwa. Akaiacha bahasha mezani ipate joto la chumbani, akaandika juu yake neno alilokuwa anaandika siku zote: Tayari. Alitaka azikwangue baada ya chai. Kusema kweli alikuwa anaogopa kuzigusa, ndiyo maana akaziweka za mwisho.

Chai haikunyweka. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa amejidunga sindano ya mashine ikapita kidole upande hadi upande, na jirani akapiga simu akilia kana kwamba fundi keshakatwa mkono. Bi Ungo akaondoka mbio kwenda zahanati, akakaa nyumbani siku mbili akimlisha mtu mzima aliyekuwa na mkono mwingine mzima kabisa.

Aliporudi, bahasha ilikuwa tupu na mbegu ziko kwenye kisahani. Akadhani Asilimia amezikwangua kwa jicho lake moja. Angeuliza. Kwa mbegu nyingine yoyote angeuliza, na angemkaripia juu yake. Lakini habari za Funga-Duka hakutaka kuzianzisha, akapita.

Wiki nne baadaye Asilimia alikitazama kisahani, akaandika: sifuri.

Alhamisi kukawa na kikao. Mkuu wa hifadhi alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, msomi, asiyepandisha sauti. Alisoma orodha ya zilizokufa kwa utulivu, na alipofika kwenye jina lile la Kilatini akaweka karatasi chini.

"Hii inaniuma," alisema. "Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye gari lile. Nilikuwa mwanafunzi bado, ndiyo safari yangu ya kwanza. Bi Ungo, wewe ndiye uliyezipokea. Kuna lolote unalokumbuka? Lolote lisilo la kawaida?"

Bi Ungo alitikisa kichwa.

"Hakuna," alisema.

"Basi. Jumatatu zitachomwa na zile nyingine. Zilizobaki kwenye chumba cha baridi pia, hakuna haja ya kuzitesa."

Usiku wa Alhamisi haukuwa na usingizi, wala wa Ijumaa. Alikuwa amemaliza ukoo mzima wa kiumbe, halafu akaulizwa kwa upole, akakana. Chakula kikamkataa. Mumewe akamuuliza anaumwa nini, akajibiwa haumwi, akauliza kama kuna mtu kamuudhi, akajibiwa yeye ndiye anayeudhi kwa maswali. Fundi akarudi kwenye cherehani yake. Ameishi na yule mwanamke miaka mingi, anajua milango ipi haigongwi.

Jumamosi asubuhi fundi alikuwa na mkutano. Chama cha mafundi cherehani kilikuwa kinachagua mwenyekiti, na yeye alikuwa anautaka uenyekiti, ingawa alijifanya analazimishwa. Bi Ungo alikuwa amelifua shati lake jeupe. Akalianua, akalikunja juu ya meza ya pasi, na akiwa anakwenda uani kumwaga maji akapaza sauti:

"Shati lako tayari!"

Fundi alikuwa amechelewa. Alivaa shati kwenye giza la chumba, akavaa koti juu, akatoka anakimbia huku anajifunga vifungo kwa kile kidole kilichokuwa bado na bandeji, ingawa kimeshapona.

Haikupita saa moja na nusu akarudi. Alisimama mlangoni, koti mkononi, uso umemshuka.

"Mke wangu," alisema, "leo umenivua nguo mbele za watu."

"Mimi?"

"Wewe. Joto lilikuwa kali, nikavua koti nianze kuomba kura. Ukumbi mzima kimya. Mafundi arobaini, mama, wote wananitazama shati. Yule mwenye duka la kona akaniuliza nimelala nalo au nimelitafuna."

Bi Ungo akalitazama. Lilikuwa limekunjamana lote, kola imelala upande.

"Sasa kwa nini ulivaa shati halijapigwa pasi?"

"Si ulisema tayari!"

"Tayari kupigwa pasi! Limefuliwa, limekauka, nimeliweka juu ya meza ya pasi. Ulitaka nilipigie na tarumbeta?"

"Mtu akisema tayari, maana yake kazi imekwisha. Tayari limepigwa!"

"Maana yake liko tayari lipigwe! Wewe fundi mzima, huwezi..."

Hakumaliza. Alikaa polepole kwenye kiti cha cherehani, juu ya suruali ya mteja.

"Bahasha," alisema.

"Bahasha gani tena? Tunazungumza shati."

"Niliandika tayari. Nikaondoka. Kile kidole chako, nikaondoka! Nipe simu. Nipe hiyo simu, baba, usinitazame!"

Asilimia alipokea akiwa anakata kucha, alisema hivyo baadaye, kana kwamba jambo hilo lilikuwa na maana.

"Daktari," Bi Ungo alisema bila salamu, "zile za Funga-Duka, ulizikwangua?"

"Mimi?" Asilimia akajibu. "Si ulizikwangua wewe? Bahasha iliandikwa tayari."

"Tayari kukwanguliwa, Daktari!"

Upande wa pili mkasi wa kucha ukaanguka sakafuni.

"Na mwishoni ulizibonyeza uone kama zimeoza?" Bi Ungo akauliza.

"Bi Ungo, nilikuwa na jicho moja na visahani mia na kumi. Niliona ni zilizokwanguliwa, hazijaota, nikajua zimekufa. Sikuzibonyeza."

"Visahani viko wapi?"

"Kwenye ndoo nyekundu. Ya Jumatatu."

Bi Ungo alifika kazini na kandambili, moja yake, moja ya mumewe. Mlinzi akamwambia leo Jumamosi. Akamjibu siku anazijua. Asilimia alifika dakika kumi baadaye na funguo, anahema, pamba ya jichoni imekaa vibaya. Wakainamia ndoo nyekundu kama watu wanaotafuta pete, wakatoa kisahani hiki, si chenyewe, kile, si chenyewe, mpaka wakakipata: kioo chenye ukungu, karatasi bado ina unyevu, mbegu ishirini nyeusi zimetulia.

Mbegu iliyokufa, ikikaa majini wiki nne, huwa uji. Ukiibonyeza hutoa majimaji machafu yenye harufu. Bi Ungo alichukua kibano, akaishika ya kwanza, akabonyeza.

Mbegu ikaponyoka. Iliruka, ikagonga kioo cha kabati kwa mlio mkavu, ikaviringika sakafuni. Wazee wawili wakapiga magoti na kuitafuta chini ya meza, na aliyeipata ni yule mwenye jicho moja.

"Kokoto," alisema, akiibana kati ya vidole. "Bi Ungo, hii haijanywa hata tone."

Wakajaribu nyingine. Ngumu. Nyingine, ngumu. Mbili zilikuwa na ukungu, moja ikapasuka. Kumi na saba zilikuwa vile vile zilivyotoka kwenye chumba cha baridi, hazijui kama kuna maji duniani. Bi Ungo alipiga kofi la furaha.

Lakini Asilimia ni Asilimia, akavua miwani.

"Ngumu si hai, Bi Ungo. Inaweza kuwa imefia humo humo ndani zamani, ganda likabaki. Nakupa asilimia hamsini."

Hakujua alichokisema. Bi Ungo alilijua hilo kuliko yeye. Alikuwa analijua tangu mwaka ule wa sinia. Furaha ikamwisha.

"Lete msasa," alisema.

Alikwangua zote kumi na saba mwenyewe, upande wa mgongo, mbali na kitovu, mpaka kila moja ikatoa doa jeupe dogo kama punje ya chumvi. Asilimia alikuwa anabadilisha karatasi, anaongeza maji na kuhesabu kwa sauti, na kila akihesabu anaomba radhi, mpaka Bi Ungo akamwambia aombe radhi mara moja kwa jumla wamalize kazi. Kosa lilikuwa lake pia, alijua, maana neno Tayari aliliandika yeye. Lingefuatwa na neno jingine moja tu, wasingefika pale.

Jumapili alikwenda mara mbili. Asubuhi mbegu zilikuwa zimeanza kunenepa. Alasiri zilikuwa mara mbili ya ukubwa wake, ganda limetanuka linang'aa. Asilimia, aliyekuwepo mara zote mbili na kila mara akidai alikuwa anapita tu, alisema hata maiti huvimba. Bi Ungo akamwambia yeye na maneno yake ya faraja awe anayaacha nyumbani. Fundi, aliyekuwa amekosa uenyekiti kwa kura nyingi, alimsubiri getini.

Jumatatu saa moja asubuhi waliingia maabara pamoja. Asilimia alimwachia yeye afunue kifuniko.

Zilikuwa zimetoa mizizi. Si zote kwa urefu mmoja. Nyingine ncha tu, nyingine kama kope, na moja, iliyokuwa na pupa, ilikuwa imejipinda mpaka imegusa jirani yake. Nyeupe, safi, zenye vinyweleo vidogo mno. Bi Ungo alihesabu kwa ncha ya kibano. Akahesabu tena kwa sababu hakuona vizuri, na safari hii tatizo halikuwa jicho la Asilimia.

"Kumi na saba," alisema.

"Kati ya ishirini," Asilimia akasema. "Themanini na tano. Asilimia themanini na tano, dada yangu." Hajawahi kumwita dada.

Mkuu alipofika saa mbili aliwakuta wamesimama mlangoni kwake, mmoja kashika kisahani, mwingine kashika bahasha. Asilimia alieleza. Alieleza vizuri, bila kujificha: bahasha iliandikwa hivi, yeye akasoma vile, hakubonyeza, akaandika sifuri, na sifuri ile ni yake. Mkuu alisikiliza, akakichukua kisahani, akakisogeza kwenye mwanga. Halafu akapiga simu, akasema moto wa leo usubiri, na bahasha ya Funga-Duka irudishwe kwenye rafu yake, na chumba cha miche kiandae vyungu kumi na saba vya changarawe.

Mambo yalikuwa yamekwisha. Mbegu hai, makosa yamejulikana, tena makosa yenyewe ya kuchekesha, ya neno moja, yangesimuliwa kwenye chai mwaka mzima. Hakuna aliyekuwa anauliza kitu kingine, na wala hakuna ambaye angeuliza. Bi Ungo angeweza kutoka pale akaenda zake kwenye ungo wake.

"Mkuu," alisema, "Alhamisi uliniuliza swali, nikakujibu hakuna."

Akasema yote. Sinia, dirisha, simu ya shuleni, siku tatu za jua, vidole vilivyoungua, fomu. Alizungumza akitazama meza, haraka haraka, asije akajionea huruma katikati. Asilimia, aliyekuwa ameshika kitasa atoke, alibaki amekishika.

"Nilidhani nimeziua," alimaliza. "Kila siku niliyoingia kwenye jengo hili nilidhani nimeziua. Nimekuja kuomba nirekebishe ile fomu. Na kama kuna adhabu, ni haki yangu."

Mkuu aliweka kisahani juu ya meza kwa uangalifu, mikono miwili.

"Mama," alisema, "hebu kaa."

Bi Ungo akakaa.

"Mwaka ule tulifika kilimani mchana. Mimi ndiye niliyepewa kipimajoto, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mdogo. Nikakiweka chini, juu ya changarawe. Unajua kilisoma ngapi? Hamsini na nane. Viatu vyangu vililainika soli. Na mbegu hizi hatukuzichuma kwenye mmea, mmea ulikuwa umekauka zamani. Tuliziokota chini, pale pale kwenye zile changarawe. Zilikuwa zimelala juani tangu msimu uliotangulia. Miezi, mama. Miezi saba au minane."

Bi Ungo alimtazama.

"Lile dirisha lako," Mkuu alisema, na sasa alikuwa anatabasamu huku macho yamemjaa machozi, "kwao lilikuwa kivuli."

Laiti Bi Ungo angeuliza siku moja tu katika miaka yote hiyo. Mtu wa kumjibu alikuwa chumba cha pili, kila siku wanasalimiana. Akataka kulia, lakini kilichotoka ni kicheko, kikubwa, kibaya, cha mtu aliyetua mzigo wa kuni, kikamshika mpaka akajipiga paja.

"Wallahi," alisema alipoweza kusema, akijifuta uso kwa pindo la aproni. "Kumbe miaka kumi na tisa yote nilikuwa naogopa kivuli."